Shangazi, niliahidi dola 147 saa saba usiku

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi kijana wa miaka 29, niko Chumbageni hapahapa Tanga, kazi yangu ya shifti. Naishi peke yangu tangu mwenzangu niliyepanga naye ahamishiwe Dodoma, na yeye ndo alikuwa mtu wangu wa bao, kila jioni tulikuwa tunacheza barazani mpaka mbu watufukuze. Alipoondoka bao likaingia chini ya kitanda, liko huko mpaka leo.

Sasa mwezi huu nimenogewa na vidio za watu wanaocheza gemu za mezani peke yao, zile za boksi zenye ramani, kadi, dadu na vijisanamu vya plastiki, huna mpinzani, unapambana na kadi zenyewe. Juzi nimetoka shifti, saa saba usiku, nina bando la usiku, nikakutana na kampeni ya Kickstarter, ule mtandao wa kuchangia hela kitu kabla hakijatengenezwa, ya gemu ya baharia anayezunguka visiwa peke yake. Watu zaidi ya elfu 4 wameshaweka hela, afu kuna boksi la nyongeza wanasema ni la wachangiaji tu, dukani haliji. Nikaingiza namba za kadi yangu ya Visa ya kwenye simu. Dola 147, Shangazi! Asubuhi nimeamka kama mtu aliyelewa jana. Hiyo ni karibu laki nne na mwezi ujao natakiwa kulipa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Gemu yenyewe wanasema itatumwa Oktoba mwakani. Kampeni inafungwa baada ya siku tisa. Hela ndo imeshaenda? Na je, kutaka kucheza peke yangu ni akili timamu? Sijamwambia mtu, hata huyo wa Dodoma.

Baharia wa Chumbageni

JIBU

Marahaba mwanangu. Jibu fupi nilishakutumia kwa meseji, maana gazeti likitoka siku zako tisa zitakuwa zimekwisha, ila naandika na hapa kwa sababu nina hakika hauko peke yako, kuna wengine humu wamebonyeza usiku na hawajathubutu kusema.

Hela haijaenda. Hebu fungua simu uangalie salio, iko palepale. Kickstarter wanakata hela siku kampeni inapofungwa, na wanakata pale tu lengo la hela walizotaka kukusanya likiwa limefikiwa, lisipofikiwa hakatwi mtu. Yani ulichofanya ni kama ulivyoletewa kadi ya mchango wa harusi ukaandika "naahidi laki", bado hujatoa. Tofauti ni kwamba kwenye harusi ukifuta ahadi mwenyekiti wa kamati atakusema mtaa mzima, hawa hawana neno, unaingia kwenye akaunti yako, unafungua ile ahadi, kuna sehemu ya kupunguza kiasi na sehemu ya kufuta kabisa. Wanachozuia ni kufuta ndani ya saa 24 za mwisho kama kufuta kwako kutaishusha kampeni chini ya lengo, na ya kwako kwa watu elfu 4 sidhani kama iko huko, ila usisubiri saa za mwisho, si unajua mtandao wetu.

Usije ukafanya ujanja wa kuacha kadi tupu ili wakikata wakose. Watakupa siku 7 za kurekebisha malipo na kukukumbusha kila mara, na mwenye gemu huku alishapiga hesabu za boksi lako. Futa kiungwana.

Sasa hiyo 147 sio bei ya gemu. Umesoma kwa chini? Kampeni nyingi za gemu hizi usafiri wanautoza baadaye, wakikaribia kutuma, na boksi lenye vijisanamu ni zito, linaweza kuwa na kilo kadhaa. Likifika nchini TRA wanachukua bei ya mzigo pamoja na usafiri wake, wanaweka ushuru wa forodha, afu VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Halafu sehemu ya anwani uliandika nini? Kama uliandika Chumbageni karibu na msikiti, mwanangu, huo mzigo utazunguka kuliko huyo baharia wa kwenye gemu. Weka S.L.P. hata kama ni ya ofisini kwenu, na namba ya simu. Mimi mwenyewe niliwahi kuchangia boksi la karata za kuchora mahali fulani, likaja miezi 14 baada ya tarehe waliyosema, kona moja limebonyea kama limekaliwa, na lilipofika nilikuwa nimeshasahau niliagiza nini. Nilisimama kaunta nasaini huku najiuliza nani kanitumia zawadi.

Sisemi ni matapeli. Mwaka 2015 mtafiti Ethan Mollick wa University of Pennsylvania alichunguza miradi ya Kickstarter iliyofanikiwa kukusanya hela akakuta kama asilimia 9 ndo ilishindwa kuwapa watu walichoahidiwa. Wengi wanaleta, ila kuchelewa ni kawaida sana, kwahiyo hiyo Oktoba we isome kama Oktoba ya fundi cherehani.

Na lile boksi la "dukani haliji", hapo ndo walipokukamata. Lifikirie kidogo. Hujawahi kucheza hata raundi moja ya gemu yenyewe na tayari unanunua nyongeza yake, ni sawa na kuagiza pilipili ya chakula ambacho hujui kama utakila. Gemu ikiwa nzuri kweli, boksi la kawaida litauzwa tu, na siku hizi kampeni nyingi zinapokea wachelewaji hata baada ya kufungwa.

Ninachokushauri, shusha ahadi mpaka dola 1. Hiyo wanaijua wazoefu. Huchukui boksi lakini unabaki kwenye orodha, unapata taarifa zote, na wenye gemu wengi baadaye wanawaruhusu watu wa dola moja kuongeza hela na kuchukua boksi kamili, ila soma kwanza kwenye ukurasa wao kama nao wanaruhusu. Kodi ya nyumba lipa.

Halafu fanya hivi wiki hii. Nenda kwenye ukurasa wa hiyo kampeni, mara nyingi wanaweka kitabu cha sheria bure na wengine wanaweka kadi za majaribio za kuprinti. Zipeleke steshenari yoyote pale Ngamiani, waprinti kwenye karatasi ngumu, kata kwa mkasi, dadu azima kwenye ludo ya jirani. Elfu chache umemaliza. Ukitoka shifti cheza. Jiangalie usiku wa tatu, sio wa kwanza, usiku wa kwanza kila kitu kitamu. Kuna mtu anapenda kuangalia wenzie wakipanga vijisanamu, lakini akikaa mwenyewe kusoma kurasa 30 za sheria, kuchanganya kadi, kupanga vipande nusu saa na kuvirudisha nusu saa nyingine, anaona bora alale. Simlaumu, hata mimi ni wa hivyo.

Kuhusu akili yako, iko sawa. Maofisi mangapi humu mjini watu wanacheza karata peke yao kwenye kompyuta saa nne asubuhi na mshahara wanalipwa? We angalau ungechezea kwako.

Ila hilo bao chini ya kitanda litoe, mti ukikaa sakafuni na unyevu wa Tanga huu utaoza. Halafu mpigie wa Dodoma. Yeye achonge au anunue lake huko, mashimo ni 32 na kete ni 64 popote pale, mpigiane vidio kila mtu na bao lake mbele, wewe ukicheza unamtajia shimo naye anaicheza upande wako kwenye bao lake. Ataiba kete, nakuhakikishia, kwahiyo mwambie simu aielekeze kwenye bao sio kwenye uso.