Tiketi yasema saa tatu, safari ni ya saa nane

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anakwenda New York kupitia London. Tiketi inaonyesha anaondoka London 11:00 na kufika 14:00. Kweli ni saa tatu tu? Na kurudi je?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: La, ndugu yetu. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na New York iko nyuma ya London kwa saa 5 (wiki chache za Machi na mwishoni mwa Oktoba huwa 4, maana nchi hizo hazibadilishi saa siku moja). Jumlisha 3 na 5, upate 8.

Umbali ni kama kilomita 5,550, mara tano ya Kigoma hadi Dar es Salaam kwa ndege. Usipime kwa rula kwenye ramani bapa. Vuta uzi juu ya tufe, utaona njia inavyopanda kaskazini.

Gawa 5,550 kwa 850, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, uongeze nusu saa ya kupaa na kutua: saa 7. Kinachovuruga hesabu hii ni upepo mkali wa juu utokao magharibi. Ukipunguza mwendo kwa kilomita 80, kwenda huchukua saa 7 na dakika 40. Ukisukuma kwa kiasi hicho hicho wakati wa kurudi, saa 6 na nusu.

Mkumbushe binti: 07:00 ni saa moja asubuhi. Anayeisoma saa saba huachwa na ndege.