Breve ya mbabula: utafutaji kwanza, ombi baadaye

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Katuba, Lubumbashi. Nimeunda mbabula (jiko la makala) inayokula makala kidogo: ndani ina ukuta wa udongo uliochomwa, na chini ina kidirisha cha hewa kinachojifunga chenyewe moto ukizidi. Bwana mmoja anataka nimlipe anitafutie breve (hati ya kulinda uvumbuzi) ya dunia nzima, na wakati huohuo niipeleke mbabula yangu kwenye maonyesho. Nimkubalie? Nitajuaje kama hakuna aliyenitangulia?

JIBU: Ndugu Fundi, usimlipe, kwa sababu breve (au hataza) ya dunia nzima haipo. Breve hulinda uvumbuzi pale tu ilipotolewa. Kongo si mwanachama wa OAPI ya Yaoundé wala wa ARIPO ya Harare, mashirika ya kutoa breve kwa nchi kadhaa za Afrika, kwa hiyo ombi lako litapelekwa kwenye Wizara ya Viwanda, Kinshasa, kwa mujibu wa sheria ya miliki ya viwanda ya tarehe 7 Januari 1982. Maonyesho nayo yasubiri: kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani, hata na mwenyewe aliyekibuni, kinaweza kuhesabiwa kuwa si kipya tena, na upya ndio sharti la kwanza la breve.

Utafutaji unaweza kuuanza mwenyewe kwenye intaneti, bila malipo, katika hazina za Espacenet, ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, na Patentscope, ya OMPI, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu. Usitegemee jina la kifaa, kwani waandishi wa hati hizo hupenda maneno mapana ambayo fundi hawezi kuyakisia. Tumia alama za uainishaji wa kimataifa wa breve. Majiko ya nyumbani ya kuni na makala yamo katika F24B, na vidirisha vya kuongoza hewa ya moto vimo katika F23L. Ukipata hati inayofanana na kazi yako, tazama michoro, kisha soma sehemu ya madai neno kwa neno, maana humo ndimo mipaka ya haki huwekwa.

Ukuta wa udongo sikushauri uudai. Majiko ya bati yenye udongo ndani yanauzwa Kenya tangu miaka ya 1980, na jambo linalojulikana sokoni huondoa upya sawa na lile lililoandikwa katika breve. Tumaini lako liko kwenye kidirisha. Kitafute peke yake, hata katika tanuri na majiko makubwa ya kupashia nyumba joto, kwa kuwa mchunguzi wa maombi ya breve anaweza kusema kwamba kukihamishia kwenye mbabula ni jambo ambalo fundi yeyote angelifikiria. Kumbuka pia kwamba maombi kwa kawaida hutangazwa baada ya miezi 18, hivyo yale ya karibuni hutayaona.

Ukikuta breve ya Marekani au ya Ufaransa ambayo haikuombwa Kongo, huwezi kuudai uvumbuzi huo kuwa wako, ila hakuna breve ya kukuzuia kuutengeneza na kuuuza hapa.

Iwapo unafikiria soko la ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia imo katika ARIPO. Mkataba wa Paris wa miliki ya viwanda, ambao Kongo pia imeuridhia, hukupa miezi 12 tangu siku ya ombi lako la Kinshasa kuomba huko huku ukihifadhi tarehe yako ya kwanza.