Maktaba ya sukari: shika alfa na beta kwanza

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa kemia. Nataka kuunda maktaba (mkusanyiko) ya disakaridi, yaani sukari mbili zilizoungana, za galaktosi na glukosi ili nizipime kwenye protini za bakteria. Nimekinga hidroksili (OH) zote kwa benzili, kikundi cha kuzifunika zisimenyuke, nikaacha wazi ile ya kuunganishia tu. Kila mmenyuko unanipa madoa mawili yaliyokaribiana kwenye TLC (bamba jembamba la kutenganishia kemikali). Nifanyeje? Je, naweza kuchanganya sukari zote kwenye chupa moja, kama wafanyavyo watu wa peptidi?

JIBU: Usichanganye, tafadhali. Alanini mbili zikiungana kwa kifungo cha peptidi hutoa dipeptidi moja tu, lakini glukosi mbili zina njia 11 za kuungana: kaboni ya 1 ya moja hufunga hidroksili tofauti za nyingine, kwa alfa (kifungo kikielekea chini) au beta (kikielekea juu). Ukipata mchanganyiko, protini itashika kitu nawe hutajua imeshika kipi. Na tofauti hizo si ndogo: virusi vya mafua ya ndege hupendelea asidi ya sialiki (sukari iliyo juu ya seli) iliyofungwa kwa alfa kwenye kaboni ya 3 ya galaktosi, vile vya binadamu hupendelea kaboni ya 6.

Madoa yako yaelekea ni alfa na beta. Pima NMR ya protoni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha hidrojeni) uangalie H-1, hidrojeni ya kaboni ya 1: kwa glukosi na galaktosi, nafasi kati ya vilele vyake viwili ikiwa hertzi 7 hadi 8 ni beta, ikiwa 3 hadi 4, ni alfa.

Chanzo ni benzili iliyo kwenye kaboni ya 2 ya galaktosi, maana haielekezi upande wowote. Weka benzoili hapo, kikinga cha aina ya esta. Kaboni ya 1 ikishaamshwa, oksijeni ya benzoili huinama na kuziba upande wa chini, hivyo sukari ya pili huingia kwa juu nawe unapata beta. Asetili nayo hufanya kazi hiyo, ila huzaa ortoesta (zao lisilotakiwa) kwa urahisi zaidi. Mimi huchagua benzoili.

Penye hidroksili utakayoifungua baadaye weka levulinoili, kikinga kingine. Hidrazini huiondoa bila kugusa benzoili wala benzili, kwa hiyo kijenzi kimoja kinakupa matawi kadhaa.

Jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: mwishoni mwa glukosi funga mkono wa kaboni tano wenye amini, amini hiyo ukiikinga kwa Cbz (kikinga cha amini). Hatua ya mwisho ya hidrojeni na paladiamu itaondoa benzili na Cbz kwa pamoja, na amini iliyobaki wazi ndiyo itakayoshika kioo cha kupimia protini. Benzoili ziondoe kabla ya hapo kwa metoksidi ya sodiamu.

Anza na galaktosi ya beta kwenye kaboni ya 3, 4 na 6 za glukosi. Zile za alfa zifuate, na kwa galaktosi kuna njia nzuri sana: funga kaboni ya 4 na ya 6 kwa daraja la silikoni lenye tert-butili mbili. Hapo alfa hutoka hata benzoili ikiwa kwenye kaboni ya 2.