Imebaki Vifungo Tu: Kuhesabu Siku Unaposhonesha Nguo Mtandaoni

Kila aliyewahi kushonesha nguo anaijua kauli hii: “Imebaki vifungo tu.” Unaambiwa Jumatatu, unaambiwa tena Alhamisi, na Ijumaa jioni ndugu wanafunga maturubai ya harusi wewe bado uko kwenye vifungo. Wengi huiita uongo mtupu, lakini mara nyingi ina ukweli ndani yake. Mafundi wengi wadogo hawana mashine ya kutoboa matundu ya vifungo. Nguo hupelekwa kwa mwenye mashine hiyo, inakaa foleni na mashati ya mafundi wengine, kisha inarudi. Kwa baadhi yao hata ovaloki, yaani kufunga kingo za kitambaa kwa mashine zisichambuke, ni ya kupeleka kwa jirani. Darizi vilevile. Marinda membamba ya kubanwa kwa joto nayo yana mtu wake, na yanakaa vizuri kwenye poliesta. Kwenye pamba yatafunguka ukifua mara ya kwanza, hata ungelipa kiasi gani.

Gauni la kawaida lenye bitana na zipu, fundi mzoefu akilikalia hulimaliza kwa siku moja, au mbili likiwa na mambo mengi. Kwa hiyo ukiambiwa wiki mbili, jua kwamba sehemu kubwa ya wiki hizo ni kusubiri: foleni ya walioagiza kabla yako, kitambaa hakijanunuliwa, vipimo vyako havijakamilika, umeme umekatika. Cherehani ya kukanyaga itaendelea umeme ukikatika. Ovaloki haitaendelea, wala pasi, labda awe na pasi ya mkaa.

Ugomvi mwingi wa oda za mtandaoni huanzia hapo. Mteja anahesabu siku tangu alipotuma ujumbe wa kwanza WhatsApp. Fundi anahesabu tangu alipopata vitu vinne: kitambaa, vipimo, picha ya mshono iliyokubaliwa bila “nitakwambia kuhusu mikono”, na advansi. Kimoja kikikosekana, oda yako haipo kwenye foleni, iko kwenye simu tu. Andika ujumbe mmoja unaotaja vyote vinne pamoja na tarehe ya kupokea nguo, kisha mwombe ajibu “nimekubali”. Ujumbe huo mmoja una thamani kuliko sauti ishirini za dakika mbilimbili ambazo hakuna atakayezisikiliza tena.

Uliza pia mapema: “Unashona mwenyewe au una mafundi?” Si tusi. Kurasa nyingi za mitindo Instagram ni za watu wanaopokea oda na kuzipeleka kwa mafundi wanaolipwa kwa kipande. Hakuna ubaya, wengine wana jicho zuri la mitindo kuliko fundi mwenyewe. Ila fundi wa kipande hukaa kwanza na kazi ya anayemlipa leo, na mwenye ukurasa hana cherehani ya kukuokoa usiku. Kwa oda ya namna hiyo ongeza siku nne au tano kwenye ahadi yoyote unayopewa.

Kisha hela, ambako ndiko kuna kidonda. Unatuma nusu ya bei, na hela hiyo inakwenda kununua kitambaa cha mteja wa wiki iliyopita, ambaye hela yake ilinunua cha mteja aliyemtangulia. Mnyororo unakwenda vizuri mpaka siku oda zinapopungua. Hapo aliye mwisho anakaa bila kitambaa na bila hela. Dawa yake ni kutenganisha malipo. Fundi achague duka, wewe ulipe kitambaa moja kwa moja kwa Lipa Namba ya duka, ukilisoma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, na fundi akutumie picha ya kitambaa kikiwa kimekatwa dukani. Ufundi ulipe kwa mafungu mawili: sehemu akianza kukata, iliyobaki ukiona nguo imekamilika. Fundi anayekataa mpango huu bila sababu anakuambia jambo.

Kiasi cha kitambaa usikikisie. Kitenge kina upana wa karibu sentimita 115, na kipande kizima ni yadi 6. Gauni refu la mwili wa wastani, lenye mikono mifupi na sketi isiyo pana, hula kama yadi 4. Sketi ya duara kamili inaweza kumaliza kipande chote. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 unahitaji mita 3 hivi kwa gauni lilelile. Suti ya kiume ya koti na suruali ni mita 3 hadi 3.2 za upana huo. Kama ua la kitenge ni kubwa na unataka likae katikati ya kifua, ongeza nusu yadi, maana fundi atalitafuta ua na kutupa pembeni. Na pamba hurudi ikilowa. Iloweshwe, ianikwe, ipigwe pasi, ndipo ikatwe. Hiyo ni siku moja wakati wa jua, na wakati wa masika hesabu mbili. Fundi akiiruka hatua hii kwa sababu unamharakisha, utakayelipa ni wewe, baada ya kufua.

Kuhusu picha: kabla ya kusema “nataka kama hii”, angalia kitambaa kilichopo pichani. Gauni lililobana mwili wote bila zipu kuonekana mara nyingi ni la kitambaa kinachovutika. Kitenge hakivutiki. Fundi atalazimika kuweka zipu na misumari ya kiuno, yaani mikunjo iliyoshonwa ili nguo ibane kiunoni, na mpasuo nyuma ili uweze kutembea, na halitafanana. Siku hizi kuna na picha za akili mnemba: mikono inayoota begani bila mshono, kola isiyo na mwanzo wala mwisho. Mwombe fundi akuoneshe kazi aliyoshona mwenyewe kwa kitambaa cha aina yako, ikiwa imevaliwa na mtu. Rangi nayo usiiamini chini ya taa za duka. Taka video fupi nje, mchana.

Vipimo

Hapa ndipo nguo nyingi za mtandaoni zinapofia, na mara nyingi kosa si la fundi. Tepu ina pande mbili, inchi na sentimita, na kuna watu wanaosoma kifua kwa upande mmoja na kiuno kwa upande mwingine. Tuma inchi, ndizo mafundi wetu wanazozitumia. Usijipime mwenyewe, maana ukiinama kuisoma tepu kiuno kinabadilika. Mtu akupime umevaa nguo nyepesi na sidiria utakayovaa siku hiyo, tepu ikiwa imekaa bila kubana na bila kulegea.

Kwa gauni tuma: bega kwa bega, mzunguko wa kifua, chini ya matiti, kiuno, hipsi mahali penye unene zaidi, bega hadi ncha ya titi, bega hadi kiuno, urefu wa mkono, unene wa mkono, na urefu wote kutoka begani hadi chini ukiwa umevaa viatu vya siku hiyo. Kiatu cha inchi 4 kilichosahaulika ndicho hufanya gauni lionekane limekopwa.

Andika wazi kwamba hivyo ni vipimo vya mwili. Ukiongeza inchi 2 za kupumua, na fundi naye akaongeza 2 zake kama kawaida, gauni litakuja pana kwa inchi 4, kisha mtalaumiana. Njia ya kuhakiki: chukua gauni lako linalokukaa vizuri, la kitambaa kisichovutika, lilaze mezani, pima upana wa kifua, zidisha kwa mbili. Ukituma na namba hiyo, ukiitaja kuwa ni ya nguo, fundi ana kitu cha kulinganisha.

Ombi moja dogo huokoa oda nyingi: mwambie fundi aache inchi 1 ya kitambaa ndani ya mshono wa kila pembeni. Mshono una vipande viwili, pembeni ziko mbili. Ukifungua nusu inchi kwa kila kipande unapata inchi 2 za kupanua. Mama anayenyonyesha na mjamzito wapimwe mara ya mwisho siku ya kukata.

Kuhesabu kinyumenyume

Tuseme harusi ni Jumamosi tarehe 28, wewe uko Mwanza, fundi yuko Dar es Salaam. Usianze na leo, anza na tarehe 28 urudi nyuma. Nguo iwe mkononi Ijumaa tarehe 20, ili fundi wa mtaani kwako apate siku za kurekebisha. Basi linaondoka Dar alfajiri ya tarehe 19, kwa hiyo mzigo uwe umefika ofisi ya vifurushi jioni ya Jumatano tarehe 18. Fundi anayesema “nautuma kesho asubuhi” kwa kawaida ameshalikosa basi la kesho. Jumatatu tarehe 16 unapata picha za nguo ikiwa kwenye doli (sanamu ya kuvalishia nguo), Jumanne anarekebisha. Kukata kuwe kumefanyika tarehe 9. Kitambaa kinunuliwe tarehe 5, kiloweshwe na kukauka wikiendi. Basi advansi, vipimo na mshono viwe vimekwisha Jumatatu tarehe 2. Siku 26 kwa nguo ya kushonwa kwa siku mbili. Ukiingia na siku 10, unaomba kuruka foleni, na kuruka foleni kuna bei yake. Bora kuilipa waziwazi kuliko kubembeleza.

Hesabu hii haifai kwa Idi. Mafundi wengi hufunga oda Ramadhani inapokaribia nusu, na mwezi ukiandama mapema hakuna wa kumlilia. Kumi la mwisho usiagize kanzu, nunua iliyo tayari. Desemba ina harusi na Krismasi kwa pamoja, na ukikaribia mwisho wake kuna sare za shule za Januari kwa mafundi wa mitaani.

Sare za familia ni somo peke yake. Kitambaa kinunuliwe chote siku moja, kutoka jora za aina moja, pamoja na mita mbili za akiba, kwa sababu jora litakaloletwa wiki ijayo linaweza kutofautiana rangi na hili, na picha za harusi zitaonesha. Awepo mtu mmoja wa kukusanya vipimo, mwenye tarehe ya mwisho na ubavu wa kuisimamia. Shangazi mmoja asiyetuma vipimo hukwamisha watu ishirini, kwa kuwa fundi hupenda kukata sare zote kwa pamoja.

Mzigo wa nje ya nchi una mambo mawili. La kwanza, kampuni nyingi za kusafirisha kwa ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi pale unapozidi uzito: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 linahesabika kilo 4.8 hata kama gauni lina kilo 2. Gauni likunjwe kwenye mfuko mgumu wa kifurushi, pasi utaipiga huko huko. La pili ni kodi. Umoja wa Ulaya hutoza VAT hata kwenye vifurushi vidogo vya biashara tangu Julai 2021, na Marekani iliondoa msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Mjue mapema nani analipa. Ukimtumia msafiri, nguo iwe tayari siku tatu kabla ya safari yake. Begi lake likishafungwa hakuna atakayelifungua kwa ajili yako.

Siku zikianza kupita

Acha kuuliza “imefikia wapi?” Swali hilo ndilo linalozaa vifungo. Uliza: “Umekata?” Taka picha ya vipande vilivyokatwa. Kitambaa kisichokatwa ni oda ambayo haijaanza, hata kama umeshaambiwa mengine. Baada ya hapo taka picha ya nguo kwenye doli kabla upindo haujashonwa na bitana haijafungwa, tepu ikiwa imezungushwa kiunoni na namba ikisomeka. Hapo kosa la kiuno ni kazi ya nusu saa. Nguo ikishakamilika ni kazi ya nusu siku, na fundi ataanza kukuficha.

Ikifika, ipime kwa tepu kabla hujaivaa, ukirekodi kwa simu. Ikilingana na vipimo ulivyotuma, jumlisha nafasi mliyokubaliana, na tofauti isizidi nusu inchi, fundi hana deni. Pembeni, upindo na urefu wa mikono hurekebishika. Bega lililokatwa jembamba, kwapa lililochimbwa sana na suruali iliyokatwa fupi katikati ya miguu havirekebishiki bila kitambaa kipya. Hapo dai kushonewa upya au urudishiwe hela, usikubali “nitakuwekea kipande”.

Na uwe na tarehe yako ya siri ya kuachana naye. Kwa ile harusi ya tarehe 28, ni tarehe 12: kama hakuna picha ya vipande vilivyokatwa, chukua kitambaa chako upeleke kwingine, wala usigombane, maana bado kiko kwake. Kama amekata ila hajashona, dai kila kitu: vipande vyote vikiwa vimefungwa pamoja, bitana, zipu, hata mabaki yanayofagiliwa sakafuni, kwa sababu fundi wa pili atakapogundua kipande cha mkono kimepungua, humo ndimo atakapokitoa.