Maswali na majibu: kamba ya jahazi, simbi za Uganda na bamba lisiloonekana

Mwezi huu barua nyingi zimetoka huku huku kandokando ya ziwa, na karibu zote zinagusa jambo moja: kulijenga upya bamba la chuma lililochapa stempu za kale. Nimechagua chache.

Shikamoo mzee. Nasikia kuna watu wanakusanya stempu ya aina moja tu, mamia kwa mamia, eti wanajenga upya bamba. Chuma kinajengwaje kwa vikaratasi? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba. Chuma chenyewe hakirudi. Kinachopatikana ni ramani yake: stempu ipi ilikaa wapi.

Chukua zile stempu za pembetatu za Rasi ya Tumaini Jema za mwaka 1853, zilizochapwa na Perkins Bacon wa London. Mchoro ulichongwa mara moja tu, kwa mkono, kwenye kipande kidogo cha chuma. Kipande kikatiwa ugumu kwa moto, kikakandamizwa kwenye rola ya chuma laini mpaka mchoro ukahamia. Rola nayo ikatiwa ugumu, kisha fundi akaibiringisha kwenye bamba, mara moja kwa kila stempu. Mkono wa binadamu unaonekana hapo. Rola ikisogea kidogo, mistari inatoka miwili miwili. Nukta ya kumwongoza fundi inasahaulika bila kufutwa. Bamba likichakaa, rola inapitishwa tena na haikai palepale. Kwa hiyo kila nafasi inabaki na kovu lake.

Stempu moja pekee inakuonyesha kovu, haikwambii inakaa nyumba namba ngapi. Jozi ndiyo inayomtaja jirani. Ukiona kovu A kushoto kwa B kwenye jozi moja, na B kushoto kwa C kwenye jozi nyingine, tayari una watatu wamepangana. Unaendelea hivyo mpaka upate kipande chenye ukingo wa karatasi, na hapo mstari mzima unapata anwani. Ndiyo maana mimi naithamini jozi iliyochanika pembeni kuliko stempu moja safi inayong'aa.

Stempu nyeusi ya peni moja ya Uingereza, ya 1840, ilirahisisha kazi: karatasi ya stempu 240, na kila moja ina herufi zake pembeni, kuanzia AA hadi TL. Makoloni mengi hayakupewa msaada huo. Mauritius ya 1848 inasaidia kwa njia nyingine. Stempu zote 12 za bamba zilichongwa moja moja kwa mkono, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana. Ile ya nafasi ya 7 kwenye bamba la peni mbili inasomeka PENOE badala ya PENCE, na kosa hilo leo ndilo linaloitambulisha.

Nimerithi bahasha zenye stempu ya jahazi la Ziwa Victoria, Kenya Uganda Tanganyika. Shemeji anasema ile ambayo kamba haigusi tanga ni utajiri. Kweli? (Mama wa duka, Kirumba)

Mama, kwanza mtazame mfalme. Mwenye ndevu ni George V, toleo la 1935. Huko zipo namna mbili zinazojulikana, kamba ya kushoto ikigusa tanga na isipogusa. Hiyo ni tofauti ya mchoro, haikwambii nafasi kwenye karatasi.

Asiye na ndevu ni George VI, toleo lililoanza 1938. Kwenye senti 50 yake, kamba isiyofika kwenye tanga ni hitilafu ya nafasi moja: mstari wa pili, stempu ya tano. Huyo ndiye wa kumtafuta. Dalili ni ileile, ugonjwa ni tofauti. (Wavuvi wa mwaloni hapo kwenu watacheka, jahazi lenye kamba hivyo lisingefika hata Ukerewe.)

Utajiri? Shemeji apunguze. Inauzwa zaidi ya dada zake, lakini nyumba haijengi.

Stempu za simbi za Uganda nazo zina bamba? (Msomaji, Bukoba)

Hazina. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar wa CMS (chama cha wamisionari wa Kianglikana), kule Mengo, alizipiga kwa taipureta: herufi U na G juu, na idadi ya simbi, yaani kauri zilizotumika kama fedha, katikati. Simbi 200 zilikuwa rupia moja. Hakuna bamba la kujenga, bali tabia za mashine na upana wa stempu, kwani za mwanzo ni pana kuliko zilizofuata. Na kwa kuwa taipureta si kitu adimu, za bandia ni nyingi. Usinunue bila cheti cha mtaalamu. Za 1896, zilizopangwa kwa herufi za chapa huko Usoga, ndizo unazoweza kuzipangia nafasi.

Nina stempu ya Kijerumani yenye meli, na muhuri wa MUANSA. Niitafutie nafasi yake kwenye bamba? (Kijana, Igogo)

Usijisumbue. Meli hiyo ni Hohenzollern ya Kaiser Wilhelm II, na picha hiyohiyo ilitumika Kamerun, Togo na hata Samoa, jina tu likibadilishwa. Stempu za thamani ndogo zinafanana mno. Kwako mali ni muhuri wa MUANSA, yaani Mwanza kwa maandishi ya Wajerumani, hasa kama tarehe inasomeka. Ukitaka kupanga nafasi kwa stempu za Wajerumani, fuata zile za 1916 zilizochapwa kwenye mtambo wa misheni ya Wuga, Usambara. Zilipangwa herufi kwa herufi, na tofauti zinaonekana kwa macho.

Nianze na vifaa gani? (Mwalimu, Magu)

Lenzi ya kukuza mara kumi, skana, na daftari. Skani kila stempu kwa kipimo kilekile, vinginevyo utalinganisha visivyolingana.

Nizibandue kwenye bahasha kwa maji? (Huyohuyo)

Hapana, Mwalimu! Bahasha inabeba tarehe, na tarehe inakuonyesha kovu lilianza lini na lilirekebishwa lini. Kata tu kama bahasha imekwisha kuliwa na mchwa, na uache nafasi kuzunguka muhuri.