Kabla ya Lucille Ball alikuwepo Gertrude Berg

Mkuu, umeuliza kama kuna mwanamke aliyetamba kwenye vichekesho vya runinga Marekani kabla ya Lucille Ball. Yupo: Gertrude Berg, Myahudi wa New York. Alianza redioni 1929 na kipindi cha familia ya kubuni, akina Goldberg wa Bronx, eneo la New York, akiandika mwenyewe na kuigiza mama wa familia hiyo, Molly. Mwaka 1949 akakihamishia runingani, kituo cha CBS. Utamu ni pale dirishani: Molly kaegemea, anamwita jirani wa dirisha la pili, soga zinaanza. Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, akaipata 1951.

Ila mwaka huohuo CBS ikakiondoa kipindi. Philip Loeb, aliyeigiza mume wa Molly, alikuwa ametuhumiwa ukomunisti, na Berg alikataa kumtosa. Kilirudi 1952, bila Loeb. Inauma.