Madirisha ya bibi ning'oe niweke aluminiamu?

SWALI: Dada shikamoo. Bibi ametuachia nyumba ya mawe hapa Mikindani, madirisha ya mbao yenye vile vibao vya mshazari. Chumba kimoja tumefunga AC, yuniti za Luku zinaisha kama maji. Fundi kasema ning'oe yote niweke aluminiamu ya kuslaidi. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nakuomba sana, huyo fundi asiguse kitu kwanza. Hayo madirisha yalitengenezwa kwa jua letu hili hili, vibao vinalizuia huko nje na upepo unapita, ila kioo kitupu jua linapenya mpaka ndani, joto linabaki humo na AC ndo inahangaika nalo. Halafu la kuslaidi linafunguka nusu tu, kusi ikivuma nusu ya upepo umeikosa.

Kinachokula umeme ni mianya. Siku yenye upepo funga dirisha, washa udi, upitishe taratibu pembeni ya fremu, moshi ukiyumba ujue hapo pana tundu. Kwenye ukingo wa dirisha weka ukanda wa mpira. Kati ya fremu na ukuta ziba kwa chokaa na mchanga, simenti hapana jamani, inashika unyevu ubavuni mwa mbao mpaka zinaoza. Mbao ya chini ikiwa imeoza kata kipande hicho tu uunge mvule mkavu.

Vibao vikigoma kugeuka mara nyingi ni rangi, cha kwetu kilikuwa na tabaka nne, ya chini kabisa kijani, tulipoitoa kikazunguka kwa kidole kimoja! Ila rangi za zamani huwa na madini ya risasi, lowanisha kwanza ndo ukwangue, watoto wakae mbali.

Chumba cha AC ongeza kwa ndani fremu nyepesi ya kioo, ya skrubu, kusi ikianza unaitoa, na vibao vya nje mchana uvifunge. Anza na dirisha la magharibi, jua la alasiri ndo kali.

Na mlango wa mbele kama una nakshi uache kabisa, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Bawaba za zamani nazo zisije zikaishia kwenye chuma chakavu, zisugue, zitie mafuta, zirudi pale pale.